Sura ya Sita: Nje ya Ghuba

Niliposema nimekuja bichi, mama aliyekuwa ameinama akisambaza omena juu ya wavu mkuukuu aliniuliza bila kuinua uso, "Omena ama mbuta?" Nikamwambia sinunui samaki, nimekuja kuona mawimbi. Akajinyoosha, akashika kiuno, akanitazama kuanzia raba zangu hadi kilemba. "Nyar Mombasa," akasema, yaani binti wa Mombasa, na tangu hapo hilo likawa ndilo jina langu hapo Sori, "sisi huangalia mawimbi mtu wetu akiwa ndani. Wako ni nani?"

Sikuwa na mtu ndani ya maji. Na mawimbi yenyewe hayakuwepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua likinichoma kisogo, na mbele yangu Ziwa Victoria lilikuwa limetulia kama maji yaliyochotwa kwenye karai. Mtumbwi mmoja ulikuwa umelala kwa ubavu mchangani. Mtoto aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga alinionea huruma. Akanielekeza kwa kidevu: nirudi mchana.

Kule nilikozaliwa, bichi ni Jumapili. Ni mihogo ya kukaanga, madafu, watoto kwenye tyubu za matairi, na mtu mmoja wa ukoo anayekatazwa kuogelea mbali. Nyanza bichi ni kazi. Kwa Dholuo ni dho wath, mahali mitumbwi inapopandishwa, na tangu kanuni za serikali za mwaka 2007 kila bichi ina kamati yake, daftari la mitumbwi na wavuvi, mizani na ofisi, hata kama ofisi yenyewe ni kibanda cha mabati chenye kufuli. Watu huulizana "Wewe ni wa bichi gani?" kama wengine wanavyoulizana kijiji. Mtu wa Pwani huchelewa kulizoea neno hilo. Mimi nilikuwa nimeishi Kisumu miaka kadhaa kabla sijaacha kushtuka kila jirani aliposema anaenda bichi kulipa deni.

Kati ya bichi na bichi, hata hivyo, kuna vipande vya ufuo ambavyo haviko kwenye daftari la mtu yeyote. Hakuna mizani wala kibanda, na mitumbwi haitui, kwa sababu maji ya hapo hayakubali mtumbwi utue. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivitafuta.

*

Ziwa zima lina kilomita za mraba takriban 68,800. Ghuba la Winam, ambalo Kisumu imekaa kwenye ncha yake ya mashariki, lina 1,400 hivi. Nilipoigawa hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia. Asilimia 2. Kila kitu nilichokuwa nakiita ziwa, yaani machweo ya Dunga, viboko wa Hippo Point, harufu ya samaki wa kukaanga, magugu maji yanayoingia na kutoka kama mgeni asiyeaga, kilikuwa asilimia 2 ya maji hayo. Hata katika sehemu ndogo iliyo mali ya Kenya, ambayo ni kama asilimia 6 ya ziwa lote, ghuba ni theluthi moja tu.

Ghuba ni ua wa nyumba. Limelala kati ya mashariki na magharibi, kama kilomita 60, bila kina kikubwa, na mlangoni kwake visiwa na rasi vimesimama kama walinzi: Uyoma upande mmoja, Rusinga na Mbita upande wa pili. Dhoruba ikipiga huko nje, Kisumu hupata mabaki yake. Ndiyo maana magugu maji yalipovamia miaka ya 1990 yalipata raha ya kukaa humo, yakatanda hadi meli zikashindwa kutoka bandarini. Gugu hilo hupenda maji yasiyochafuka, na pale mawimbi yanapovunjika kila siku zulia lake hukatwakatwa na kutawanywa.

Waluo huliita ziwa hili Nam Lolwe, na wengi hulieleza jina hilo kuwa ni ziwa lisilo na mwisho. Ukisimama Dunga siku isiyo na ukungu unaona vilima vya ng'ambo. Jina hilo halikuzaliwa Dunga.

Nilichukua ramani nikatafuta mahali ambapo ufuo wa Kenya unalitazama ziwa lenyewe bila kisiwa kikubwa mbele wala rasi ubavuni. Kaskazini, Usenge na Port Victoria, visiwa vimejaa. Rusinga na Mfangano vimekaa mlangoni. Lakini kusini mwa milima ya Gwassi, kuanzia Karungu kushuka hadi Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania, ufuo unageuka kutazama machweo moja kwa moja. Ukinyoosha mstari kutoka hapo kuelekea magharibi, unakutana na Migingo, jiwe dogo lenye mabati juu yake, kisha hukutani na chochote kwa zaidi ya kilomita 200, mpaka kule Uganda na Tanzania zinapogusana upande wa pili.

Safari yenyewe haina mengi. Matatu asubuhi na mapema kutoka Kisumu, mpunga wa Ahero ukiwa bado una umande, Katito, Kendu Bay, kisha Homa Bay na kile kilima chake cha Asego kilichochongoka kama kofia. Unabadilisha gari. Rodi Kopany, Ndhiwa, miwa, halafu barabara inaanza kushuka na dereva anazima redio kwa sababu kila abiria ana simu ya kupokea. Sori, huko Karungu. Kutoka hapo, boda hadi njia inapokwisha kwenye migunga, kisha miguu.

*

Mwenye boda alikuwa na baba yake mkubwa, mzee aliyeacha uvuvi baada ya goti kuharibika, ambaye siku hizi anachunga mbuzi karibu na ufuo niliokuwa nautaka. Aliniruhusu nilale kwake na mabinti wa nyumba. Tangu salamu ya kwanza aliniita nyathina, mwanangu, nami nikamwita Baba, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama inafaa.

Nilipomfikia alikuwa amekaa juu ya jiwe ameupa mgongo ufuo. Nilidhani anawatazama mbuzi. Lakini mbuzi walikuwa kushoto, na yeye alikuwa akitazama mashariki, bara, kule ardhi inapopanda kuelekea Kisii. Mbele yake kulikuwa na vichaka, mashamba na mawingu machache meupe. Nyuma yake kulikuwa na moja ya maziwa makubwa kabisa duniani, na hakugeuka kuliangalia hata mara moja katika dakika zote tulizozungumza.

"Baba, ziwa liko huku," nilimwambia.

"Najua mahali liko," alisema. "Ile kitu inaua watu wa ziwa haitoki ziwani. Inatoka kule."

Ilinichukua siku nzima, na usiku wake, kumwelewa.

Sisi wa Pwani tumelelewa na pepo mbili: kaskazi na kusi. Moja huja na miezi yake, ikiondoka nyingine huja na ya kwake, na ndizo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na kuyarudisha. Hapa nako pepo ni mbili, ila zinapeana zamu kila siku. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya bara hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huingia kujaza pengo. Huo ndio upepo wa mchana, unaotoka ziwani kwenda bara. Unapanda hadi nyanda za juu, unakutana na hewa nyingine kutoka mashariki, na huko ndiko yanakozaliwa mawingu ya alasiri yanayowapiga watu wa Kericho kwa mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na hewa hushuka kutoka vilimani kuelekea majini. Wazee waliovua kwa tanga waliitumia zamu hiyo kama mtu anavyotumia basi: upepo wa alfajiri uliwapeleka, upepo wa mchana ukawarudisha.

"Saa saba," Mzee alisema nilipomuuliza mawimbi yanakuja lini. "Hata na nusu."

*

Ufuo huo una urefu wa mwendo wa nusu saa hivi. Mchanga wake ni wa kijivu, wenye punje kubwa kama za chumvi ya mawe, na unapokanyaga karibu na maji mguu unazama hadi kifundo. Nilihesabu nilichokikuta: ganda la kobe, kamba za nailoni za rangi tatu, vipande vya ndara vilivyokatwa duara kuwa maboya ya nyavu, chupa, ubao mmoja wa mtumbwi ukiwa bado na ukanda wa bati uliopigiliwa juu ya kiungo chake. Mitumbwi ya huku huitwa Sesse, kwa jina la visiwa vya Uganda. Hujengwa kwa mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu juu ya mkuku, na nyufa huzibwa kwa pamba kisha bati likapigiliwa juu. Ubao ule ulikuwa umechorwa herufi mbili za bluu, mwisho wa jina au mwanzo wake. Niliuinua nikaurudisha mahali ulipokuwa.

Saa saba na robo niliona mstari. Mbali, pale maji yanapokutana na anga, rangi ilibadilika kutoka fedha kuwa nyeusi, kama mtu amechora kwa penseli. Mstari ukanenepa. Shavuni nilihisi ubaridi kabla sijaona chochote karibu. Kisha maji yote yakakunjamana kwa pamoja, na ndani ya nusu saa viwimbi vya kwanza vilikuwa vinapiga mchanga, vidogo, vya haraka, vikifuatana kama watu kwenye foleni wanaosukumana. Saa tisa havikuwa vidogo tena. Vilikuwa vinasimama mita nyingi kutoka ufuoni, juu ya fungu la mchanga ambalo asubuhi sikujua lipo, vinavunjika, vinajikusanya, vinavunjika mara ya pili karibu na miguu yangu. Vikubwa vyake vilinifika kifuani. Dholuo huyaita mawimbi apaka, na nililipenda neno hilo kwa jinsi mdomo unavyofunga na kufunguka ukilitamka.

Niliwahi kuona mawimbi makubwa utotoni, Malindi, miezi ya kusi. Sehemu kubwa ya Pwani yetu ina mwamba unaoyavunja mawimbi mbali, na ndiyo maana mtoto wa Nyali anajifunza kuogelea kwenye maji yaliyotulia. Malindi, Mto Sabaki hutema tope jingi, mwamba haukushamiri, na bahari inafika mjini yenyewe. Wimbi la Malindi lilizaliwa mbali, na dhoruba ambayo hatukuiona, likasafiri siku kadhaa. Katika safari hiyo mawimbi hujipanga: yaliyo marefu na ya haraka hutangulia, mafupi huachwa nyuma. Yanapofika, kati ya moja na jingine unaweza kuvuta pumzi mara mbili, tatu. Wimbi la Karungu limezaliwa leo mchana. Kati yake na mwenzake kuna sekunde 4, na kwa hesabu ya wanafizikia wimbi la sekunde 4 lina urefu wa mita 25 hivi kutoka kichwa hadi kichwa na hutembea kama mita 6 kwa sekunde. La bahari, la sekunde 12, lina zaidi ya mita 200. Tofauti hiyo unaijua kwa mwili kabla ya kuijua kwa kalamu. Baharini wimbi hukuinua. Hapa linakupiga, na kabla hujafuta macho la pili limefika.

Ndiyo maana sijawahi kuona mtu akileta huku ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Mtelezaji anahitaji wimbi linalompa muda wa kusimama. Watoto wa Sori wana njia yao: vipande vya mbao na madumu ya lita ishirini yaliyofungwa vizuri, wanalalia kifua, wanasubiri povu, wanapiga kelele hadi mchangani. Nilikaa kuwatazama muda mrefu. Mmoja alikuwa na dumu la njano lenye nembo ya mafuta ya kupikia iliyofifia, na kila alipofika ufuoni alilibusu.

Nilifanya kosa la mtu wa Pwani. Nilimuuliza Mzee maji yatakupwa saa ngapi ili nitembee hadi kwenye fungu la mchanga. Kwetu hata mtoto anajua kama leo ni bamvua au maji mafu. Mzee alilifikiria swali langu kwa adabu. "Maji ya hapa hayaendi mahali," alisema. "Yalienda mara moja, halafu yakarudi na hasira." Alikuwa anazungumzia 2020.

Nami nikaingia majini hivyo hivyo. Maji yalinifika kiunoni, na nilikuwa nafurahia, nikiruka kila wimbi kama msichana, hadi nilipotaka kurudi nikaona mguu haupati mchanga. Maji yote yaliyorushwa ufuoni na mawimbi lazima yarudi, na hurudi kwa njia moja, kupitia pengo la fungu, yakiwa mkondo mwembamba wenye nguvu. Mahali hapo uso wa maji ulikuwa laini, bila povu, na ndiyo maana nilipachagua. Nilipiga mikono kuelekea ufuoni, ufuo ukawa unakwenda mbali. Maji baridi haya pia hayana chumvi; hayakubebi kama ya bahari, na kila nilipopumzika nilizama kidogo zaidi kuliko nilivyozoea. Mtoto wa dumu la njano ndiye aliyenionyesha mkono: pembeni, pembeni. Nikaogelea sambamba na ufuo, hatua ishirini hivi za kuogopa kweli, mkondo ukaniachia, povu likanichukua likanitupa mchangani kwa magoti.

Sikumwambia Mzee. Lakini alikuwa ameona, kwa mara ya kwanza akiwa amegeuka.

*

Upweke wa ufuo huu una historia, na si yote ni ya upepo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu kwa mamia ya maelfu kuzunguka ziwa, wengi wao upande wa Uganda, na fuo nyingi zikabaki magofu ya nyumba na mbung'o. Karungu wakati huo kilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kwa eneo lote la kusini, kabla makao hayajahamishiwa Kisii. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alikuja hapa kuchimba mifupa kwa niaba ya makumbusho ya London, na kitabu alichokichapisha 1915 alikipa jina linalotaja nchi ya ugonjwa wa usingizi na yeye kuwa peke yake ndani yake. Peke yake ni neno la mzungu aliyezungukwa na wapagazi na wenyeji. Hata hivyo linaeleza jinsi ufuo ulivyokuwa.

Mifupa yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mwaka huo huo wa 1911, kutokana na masalia ya Karungu, mnyama wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizopinda kwenda chini kutoka taya la chini, alipewa jina la Deinotherium hobleyi. Aliishi hapa zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Ziwa si mkubwa wake wala rika lake. Ziwa ni mtoto: lina miaka laki chache tu, na kati ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita lilikauka kabisa, likawa mbuga ya nyasi. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nilishindwa kulala. Maji yaliyonivuta miguu siku ile yana umri mdogo kuliko michoro ya mapangoni ya watu.

Vita navyo vilipita. Septemba 1914, meli ya Winifred, iliyozoea kubeba mizigo na abiria kutoka Kisumu, ilifika ghuba la Karungu ikiwa na askari na kukuta mashua ya Wajerumani, Muansa, imetangulia. Wakakabiliana. Sasa hakuna alama yoyote. Mbuzi wanakula majani.

*

Watu wa Kisumu huniuliza kwa nini hakuna aliyejenga hoteli huko. Wengine huuliza wakiwa tayari wanahesabu vyumba. Ufuo wa mchanga, machweo, barabara ya lami karibu. Nawaeleza kuhusu 2020.

Ziwa hili hujaa na kupwa kwa miaka. Mvua za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zililijaza hadi Mei, kwenye kipimo cha Jinja, likafika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi iliyodumu tangu 1964. Mwaka 2024 likapanda zaidi. Wima, tofauti ni ndogo; kwenye ufuo uliolala, maji yaliingia kwenye nyumba, vyoo, vibanda vya kupimia samaki, mashamba. Dunga watu walihama. Lakini huku nje, maji yalipopanda mawimbi nayo yalipanda juu yake, kila alasiri, sekunde 4 kwa sekunde 4. Mzee alinionyesha mahali palipokuwa na nguzo ya mwisho ya zizi lake la zamani. Alinyoosha mkono akaonyesha majini.

Nimeona michoro ya majengo ya kifahari iliyopangiwa fuo kama hizi. Naomba kwa moyo wote isitoke kwenye karatasi. Sisemi hivyo kwa kupenda umaskini wa watu wa huku Nyatike. Wanahitaji maji safi ya bomba, barafu ya kuhifadhi samaki, na taa. Nasema hivyo kwa sababu ukuta wa zege kwenye ufuo huu utadumu hadi ziwa litakapoamua, na kabla ya hapo utakuwa umewafungia njia akina mama wa omena na watoto wa madumu. Mgeni anayetaka kuja na aje kama nilivyokuja: alale kwa watu, anunue samaki wao, asiogelee mdomoni mwa Mto Kuja ambako kuna mamba na viboko, akumbuke kichocho hata pale konokono wake hawapendi maji yanayopigwa, na amuulize mtu kabla ya kuvua viatu.

*

Jua lilipozama mawimbi yalianza kuchoka. Saa mbili usiku ufuo ulikuwa kimya, na nje, majini, taa za wavuvi wa omena ziliwaka moja baada ya nyingine. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo: taa huwavuta, wavu huwafunika. Kutoka mchangani zilionekana kama mji. Mtu asiyejua angesema kuna barabara huko, na maduka.

Kama saa nne hivi nilihisi upepo kisogoni. Ulikuwa baridi, na ulinuka udongo uliolowa. Mzee alikuwa amekwisha kusimama. Nyuma yetu, juu ya Kisii, anga ilikuwa ikimulika bila sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa mgongo wake. Mawimbi ya mchana, yale niliyosafiri kuyaona, huwarudisha watu nyumbani. Yanapiga kelele, yanavunja mbao, lakini yanaelekea ufuoni. Usiku, mawingu yaliyopikwa vilimani hushuka na kusukuma upepo mkali kutoka bara kwenda ziwani, na upepo huo ukipita juu ya ufuo huulaza kabisa. Nilimulika maji kwa simu: yalikuwa bapa, yakikimbia kwenda mbali kwa mikunjo midogo. Mawimbi yake yalikuwa yanakua huko nje, gizani, kwenye mji wa taa, yakimsukuma kila mtu kuelekea katikati ya ziwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka katika ziwa hili. Tangu mradi ulioanza 2017, idara za hali ya hewa za nchi za ziwa hutoa utabiri maalumu wa upepo na mawimbi kwa wavuvi. Siku ile ulikuwa umesomwa redioni, na baadhi ya mitumbwi haikutoka. Mingine ilitoka, kwa sababu mwezi ungerudi baada ya siku chache.

Tuliteremka hadi Sori kwa boda, watatu juu ya pikipiki moja, goti la Mzee likiwa limenyooshwa pembeni. Bichi nzima ilikuwa imeamka. Akina mama walikuwa wamekusanya omena kwenye magunia kabla ya mvua na sasa walisimama majini hadi magotini, wakitazama taa. Hakuna aliyelia wala kuomba kwa sauti. Walikuwa wanahesabu. Kila mtumbwi una taa zake na mpangilio wake, na mke anaijua taa ya kwake kama anavyojua hatua za mumewe mlangoni.

Mama wa asubuhi alikuwa mwisho wa safu. Nilisimama kando yake, nikaanza kuhesabu nami, kimoyomoyo. Zikaingia mbili, zikaingia tatu kwa pamoja na injini zikikohoa. Mvua ikapiga mara moja, kubwa, ya matone mazito, na taa zote zikapotea.

Zilipoonekana tena zilikuwa chache na karibu. Mtumbwi mmoja ulitokea gizani bila taa, wanaume wanne wakipiga kasia, injini imenyanyuliwa. Mama alitoa sauti fupi kooni. Akaingia majini hadi kifuani, akashika kamba iliyorushwa, akarudi nayo, na alipofika nilipokuwa akanitupia ncha yake mikononi.

"Nyar Mombasa," alisema, "vuta."